YAH: MALALAMIKO KUHUSU TOLEO JIPYA LA GEMU YENU YA MJI WA DHAHABU WA KLONDIKE

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, naishi Mwanza, Tanzania. Gemu yenu niliinunua mwezi wa pili kwa bei kamili, kwa kadi ya mtandaoni ninayoijaza kutoka kwenye simu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi wenyewe mliitangaza kuwa inachezeka kwa Kiswahili, na nimeona niseme nanyi kwa lugha mliyoniuzia.

Lalamiko langu ni hili: niliwalipa kwa gemu moja, na wiki tatu zilizopita mmeiondoa kwenye kompyuta yangu mkaweka nyingine yenye jina lilelile. Sasisho lilijipakua lenyewe usiku, likamaliza bando la mwezi mzima, na asubuhi mji wangu nilioujenga kwa zaidi ya saa mia mbili ukawa haufunguki. Maandishi mekundu yakaniambia faili ni la toleo la zamani, nianze upya. Bando nimelisamehe. Mji sijausamehe, na hiki mlichoniwekea badala yake ndicho kimenifanya nikae chini niandike.

Nieleze kwanza kwa nini niliipenda, la sivyo hamtajua nimepoteza nini. Mama yangu alikuwa mama ntilie machimboni, upande wa Geita. Rashi ikitokea, yaani habari ikivuma kwamba duara (shimo) la fulani limetema dhahabu, yeye hakubeba sururu. Alibeba masufuria mawili makubwa, mchele na maharage, akapanda lori pamoja na wachimbaji. Nimekulia nyuma ya jiko hilo. Najua mji wa dhahabu unavyoota: kwanza maturubai, kisha ndoo ya maji inapanda bei asubuhi na kupanda tena jioni, kisha vyoo vinazidiwa, kisha watu wanaanza kuharisha. Dhahabu yenyewe hata huioni. Unachokiona kutwa ni watu wenye njaa.

Gemu nyingine za kujenga miji nilizowahi kucheza zinaanza na barabara na kodi. Yenu ilianza na tumbo. Mgeni hakuingia Dawson, mji wa dhahabu wa Klondike kule kaskazini mwa Kanada, mpaka awe na chakula cha mwaka mzima, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Vuli ya mwaka 1897 maji ya mto Yukon yalipungua, meli za chakula zikakwama njiani, na wakuu wa pale wakawaambia wasio na akiba washuke na mto haraka kabla haujaganda. Baada ya hapo polisi wa Kanada walisimama juu kabisa kwenye njia za milimani, Chilkoot na White Pass, wakamrudisha kila aliyefika bila chakula cha mwaka. Ukijumlisha na vifaa, mzigo wa mtu mmoja ulikaribia tani. Tani haibebwi mara moja. Mtu alibeba kiasi mgongo wake ulichoweza, akaweka juu, akashuka kufuata mwingine, akapanda tena ngazi kama 1,500 zilizochongwa kwenye barafu.

Mliliweka hilo kwenye toleo la kwanza, na mliliweka vizuri. Usiku mmoja nilimfuata mtu mmoja tu, mwenye kofia nyekundu, nikamwacha kila mwingine ajiendee. Nilimhesabia safari 31. Ya 32 gunia la unga lilimdondoka karibu na kilele, likateleza mpaka chini kwenye mahema. Akasimama kidogo, akageuka, akaanza kushuka kulifuata. Sijui ni nani katika ofisi yenu aliyefikiria kumsimamisha pale kidogo kabla hajageuka. Mpeni salamu zangu, maana anaijua kazi ya mzigo.

Uchimbaji wenyewe pia ulikuwa sawasawa. Ardhi ya kule imeganda chini mwaka mzima, sururu haipenyi. Wachimbaji waliwasha moto ndani ya shimo jioni, asubuhi wakakwangua changarawe iliyolainika, wakaipandisha kwa ndoo, wakawasha tena, siku baada ya siku mpaka wafike kwenye mwamba. Changarawe ilirundikwa nje kipindi chote cha baridi. Maji yakianza kutiririka ndipo ilipooshwa kwenye mifereji ya mbao, ndugu moja na ile ya kwenye mialo yetu ya kuoshea dhahabu, na hapo ndipo mtu alipojua miezi yake ya moshi imemlipa au imemla. Katika toleo la kwanza kila shimo lilikula kuni, kuni zilitoka kwenye misitu ileile ya kujengea nyumba na kupikia, na mimi mwenye mji nililazimika kuchagua nani akose. Hapo ndipo gemu ilipokuwa tamu.

Na mlikuwa na Belinda Mulrooney, mwanamke mfanyabiashara. Alifika Dawson mwaka 1897 na shehena ya vitambaa na chupa za maji ya moto, akauza kwa faida kubwa, akafungua mgahawa, kisha nyumba ya wageni pale Grand Forks ambapo vijito vya Eldorado na Bonanza vinakutana, na mwaka 1898 akafungua hoteli ya Fairview mjini. Nilimwita mama aje aone. Hajui gemu, lakini alivuta kiti akakaa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sahani alikuwa anauza bei gani?" Akaniuliza tena kama alikuwa anakopesha.

Sasa tazameni mlichokifanya. Theluji bado inaanguka, ila ni pambo tu, hakuna kinachoganda. Chakula kinajijaza chenyewe ghalani. Mgeni anatokea mjini na begi la mkononi. Dhahabu unaibofya, inatoka Januari sawa na Julai. Wazima moto hawahitaji tena mshahara. Mnaikumbuka Aprili 26, mwaka 1899? Mlikuwa mmeiweka ninyi wenyewe. Siku ile Dawson iliungua, majengo 117 yakateketea, mitambo ya kusukuma maji ikiwa haijawashwa kwa sababu mji haukuelewana na wazima moto juu ya malipo yao, na maji yalipopatikana yakaganda ndani ya mipira. Mchezaji alijifunza hilo kwa kuunguliwa. Leo moto ukitokea kinakuja kitufe cha bluu, unabonyeza, unazimika.

Lakini hayo yote ningeweza kuyaita ladha tu: wengine wanapenda wepesi, wapeni wepesi. Lipo moja ambalo siliiti ladha.

Toleo la kwanza lilipofunguka, mahali mto Klondike unapoingia Yukon palikuwa na kijiji. Kiliandikwa jina lake, Tr'ochëk. Kulikuwa na watu, mitumbwi, na vichanja vya kukaushia samoni. Mimi ni mtu wa Ziwa, kichanja nakijua nikikiona. Kijiji hicho ungeweza kununua samaki kwake, na kadiri mji wako ulivyopanuka samaki walipungua, na watu wa kijiji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hakuna kitufe kilichokuwezesha kuwazuia. Niliona vibaya, na nilistahili kuona vibaya, kwa sababu ni kweli. Watu wa Hän, wenyeji wa pale, walikuwa wakivua pale kabla ya mzungu yeyote kusikia habari za dhahabu. Hata jina Klondike ni ulimi wa wageni ulioshindwa kutamka Tr'ondëk, jina linalotokana na mawe waliyotumia kugongea nguzo kwenye mto ili waweke uzio wa kunasia samaki. Mwaka 1897 Chifu Isaac aliwahamishia watu wake Moosehide, kilomita kama tano chini ya mto, wageni walipokwisha kuwazingira. Alihofia hata nyimbo zao zisizamishwe na umati ule, akazipeleka kwa jamaa zao Alaska zikatunzwe. Hawakwisha. Wapo mpaka leo, wanaitwa Tr'ondëk Hwëch'in, na mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza maeneo yao kwenye Urithi wa Dunia kwa jina la Tr'ondëk-Klondike.

Nimefungua toleo jipya. Mahali palepale pameandikwa "kambi iliyoachwa". Hakuna watu. Vichanja vipo, vitupu. Ukiweka mshale juu yake kinatokea kidirisha kinachosema safisha, upate mbao 20. Na somo la kwanza la mchezo haliendelei mpaka usafishe! Nilijaribu kulikwepa kwa karibu saa nzima, nikijenga upande mwingine wa mto, na mshale wa njano ukawa unanirudisha palepale. Mwisho nikabonyeza, ili nijue mbele kuna nini. Vichanja vikatoweka na mlio wa kengele, zile mbao 20 zikaingia ghalani.

Ndugu Meneja, nani aliiacha kambi hiyo? Vichanja vilikuwa vya nani? Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na mmoja na hucheza kwa akaunti yangu. Toleo la zamani lilimfundisha kwamba mji wa dhahabu hukaa juu ya kwao mtu. Jipya linamfundisha kwamba pale palikuwa na mbao tu. Hamkusahau kuwaweka wale watu. Mlikuwa nao, mmechora nyuso zao, mmeandika jina la kijiji kwa herufi zake zote, kisha mtu mmoja ofisini akawatoa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hata ukurasa wa historia ndani ya gemu mmeugusa. Zamani uliwataja wote waliokuwepo dhahabu ilipogunduliwa Agosti 1896: Keish, ambaye wengi humwita Skookum Jim, dada yake Shaaw Tláa, aliyejulikana pia kama Kate Carmack, mpwa wao Dawson Charlie, na mume wa Shaaw Tláa, George Carmack, aliyejiandikishia ugunduzi kwa jina lake. Sasa amebaki Carmack peke yake. Mistari mitatu imefutwa. Haikuwa inapunguza kasi ya mchezo, wala haikumtoa mchezaji jasho.

Niliwaandikia mara ya kwanza kupitia fomu yenu siku ileile. Jibu lilikuja baada ya siku nne, likisema wachezaji wengi walilalamika kwamba gemu ni ngumu na inahuzunisha, na kwamba miji ya zamani haiwezi kufunguliwa. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Walioona ni ngumu wana haki yao, nami nina yangu. Tangazo nililolisoma kabla ya kulipa liliahidi Dawson kama ilivyokuwa, baridi yake na njaa yake. Sikununua kwa bahati mbaya. Nilinunua kwa ajili ya hayo hasa.

Tena mmenikatiza mahali pabaya kuliko pote. Mji wangu ulikuwa umefika Juni 1899. Nilijua kinachokuja: habari za dhahabu kwenye mchanga wa ufukweni kule Nome, Alaska, ambazo kiangazi kile ziliwatoa maelfu Dawson kwa wiki chache, hata mwaka 1902 wakazi hawakufika 5,000. Nilikuwa nimejiandaa miezi ya mchezo. Nilipunguza matanuri ya mikate, nikaacha kukata msitu wa kaskazini, nikalipa wazima moto mapema, nikaanza kuzitumia mbao za nyumba zilizohamwa kujengea hospitali. Nilitaka kuona kama mji unaweza kubaki baada ya rashi kuondoka. Rashi ya kwetu ilipoisha, wachimbaji waliondoka usiku, na mama ana daftari la madeni ya sahani za wali mpaka leo, majina na tarehe, kwenye kabati pale pale anapoweka vitenge. Nilitaka kuona Dawson yangu inavukaje. Sikuona.

Ninachoomba ni hiki. Rudisheni toleo la kwanza kama chaguo ndani ya gemu, anayetaka wepesi achague wepesi, anayetaka baridi apewe baridi. Fungueni mafaili ya zamani. Langu nimelihifadhi pembeni kwenye flashi, na nitalituma mkilihitaji. Kijiji cha Tr'ochëk na watu wake warudi katika matoleo yote mawili, liwe jepesi au gumu, na somo la kwanza lisimlazimishe mtu kukibomoa. Ukurasa wa historia urudishiwe majina yake. Na katika Kiswahili chenu, neno "safisha" liondoke pale, liondoke leo, kwa kuwa hilo halihitaji fundi wala miezi, ni kubadilisha maandishi tu.

Kama hayo hayawezekani, naomba nirudishiwe pesa yangu yote kwenye kadi ileile. Risiti, picha za skrini za matoleo yote mawili na jibu lenu la kwanza nimeviambatanisha. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeifungua gemu akaenda mpaka pale mito inapokutana, akaona kilichoandikwa.

Mteja wenu,
Mwanza, Tanzania.