Mwanga unaomwagika kwenye chipu unakwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie makala yenu kuhusu kompyuta za mwanga, yaani zile zinazokokotoa kwa mwanga badala ya umeme. Mwandishi ameipatia sehemu kubwa. Ni kweli mwanga unaweza kuzidisha safu nzima za namba huku unapita tu, na ni kweli miale miwili hupishana bila kugongana. Alipovuka hapo na kusema kwamba basi chipu hizi hazina kelele, yaani usumbufu unaoharibu usomaji, ndipo nilipoona niandike.

Mimi ni fundi wa maabara. Ninaunganisha nyuzi za fiba na chipu za silikoni, kisha napima kinachotoka upande wa pili. Kelele ipo, na sehemu kubwa ya kelele hiyo ni mwanga wenyewe.

Mwanga ndani ya fiba una upana wa mikromita 10 hivi. Mfereji wa silikoni unaotakiwa kuupokea una upana wa nanomita 500, yaani nusu mikromita, na kimo cha nanomita 220. Ni kumimina ndoo ya maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba: hata uwe na faneli, yapo yatakayomwagika. Faneli yetu ya kawaida ni vimistari vilivyochongwa juu ya chipu ili kuuinamisha mwanga uingie mferejini, nayo hupoteza karibu nusu. Ukitia miliwati 10, miliwati 5 hivi zinabaki nje ya mfereji. Na hazifi. Nyingine hupotelea hewani, lakini nyingi huzama katika bamba la silikoni lililo chini, ambalo kwa mwanga tunaoutumia, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, halizuii chochote. Mwanga huo ukifika kwenye ukingo wa bamba na kugonga wima, asilimia 30 hivi hurudishwa ndani. Ukigonga kwa kuinama sana, hurudi wote. Huku kwenye ncha nyingine vitambuzi, yaani vifaa vya kupima mwanga, vinangoja ishara ambayo, baada ya kupita hatua zote za hesabu, mara nyingi imebaki mikrowati chache tu, yaani elfu chache za miliwati moja.

Macho hayauoni mwanga huu. Wageni wakija huwa naweka kamera ya infraredi juu ya chipu. Wanategemea kuona kistari kimoja chembamba kikipita katikati ya giza. Wanachoona ni kingo zote nne zikiwaka na vipande vya metali vikimetameta mahali ambapo mchoro hauonyeshi mwanga kabisa. Halafu nausogeza uzi wa fiba pembeni, mikromita 20 au 30, hadi mlango wa mfereji haupokei kitu. Hapo kitambuzi cha mwisho kilipaswa kusoma sifuri, na hakisomi sifuri. Nikipandisha kidogo joto la meza huku uzi ukiwa mahali pake, usomaji unapanda na kushuka ilhali hakuna aliyebadilisha namba zinazokokotolewa.

Msomaji anaweza kusema: kama kilichopotea kikifika kwenye kitambuzi ni sehemu moja ya elfu kumi ya ishara, kina ubaya gani? Kingekuwa kimetoka kwenye taa nyingine, ningekubaliana naye. Kosa lingekuwa asilimia 0.01. Shida ni kwamba kimetoka kwenye leza ileile. Kinakutana na ishara wimbi kwa wimbi, na hapo hazijumlishwi nguvu, vinajumlishwa vimo vya mawimbi. Kimo hufuata kipeuo cha pili cha nguvu, kwa hiyo sehemu moja ya elfu kumi ya nguvu ni sehemu moja ya mia ya kimo. Kitambuzi husoma nguvu, ambayo ni kimo mara kimo, hivyo asilimia 1 ya kimo huwa asilimia 2 ya usomaji. Kilele kikikutana na kilele, usomaji unapanda kwa asilimia 2. Kilele kikikutana na bonde, unashuka kwa asilimia 2. Kwa mashine inayojinadi kuwa na usahihi wa biti 8, yaani ngazi 256, hizo ni ngazi tano juu au tano chini, tena wakati ishara imejaa. Ishara ikififia, na namba ndogo ndizo zinazofifia, uwiano unazidi kuharibika.

Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitumia chipu yenye vifaa 56 vya kukutanisha mawimbi kutambua sauti za irabu. Chipu ilipatia asilimia 76.7 ya sauti hizo, kompyuta ya kawaida, kwa kazi ileile, asilimia 91.7. Wenyewe walitaja kelele za vitambuzi, usahihi wa kupanga awamu za mawimbi (yaani vilele vyao viangukie wapi), na joto la kifaa kimoja kuvuja hadi kwa jirani yake. Nawaheshimu kwa kuchapisha namba zote mbili. Sisemi pengo lile lilitokana na mwanga mpotevu, ila linaonyesha jinsi hesabu ya mwanga inavyosikia kila kitu kinachopita karibu nayo.

Dawa zipo, na ya kwanza haina gharama ya vifaa: usiweke vitambuzi mbele ya mlango. Mwanga uliokosa mfereji huendelea kwa mwelekeo uleule ulioingia nao. Ukiupinda mfereji digrii 90 kabla ya hesabu kuanza, ishara inakata kona na takataka nyingi zinapitiliza. Bado nashangaa idadi ya michoro ninayoletewa ambayo mlango na vitambuzi vinatazamana uso kwa uso, eti ili kubana nafasi.

Ya pili ni milango isiyotumika. Kila kifaa cha kukutanisha mawimbi kina njia mbili za kutokea, na mara nyingi moja ni ya kutupia mwanga usiohitajika. Wachoraji wengi hukata mfereji pale na kuuacha wazi, wakidhani mwanga umetupwa. Haujatupwa, umeingizwa kwenye mwili wa chipu. Ufikishe kwenye kipande cha jemaniamu, au silikoni iliyotiwa boroni au fosforasi kwa wingi, unyonywe pale na ugeuke joto. Kuta za metali kuzunguka vitambuzi husaidia pia, lakini metali hurudisha mwanga, hainyonyi. Bila kinyonyaji karibu umehamisha tatizo chumba cha pili. Na wanaopaka rangi nyeusi chini ya chipu wapime kwanza. Zipo rangi nyeusi tii kwa jicho ambazo infraredi inapita humo bila taabu.

Najua watu wa programu watasema wao watalitoa kosa kwa hesabu. Ukizima ishara, ukapima mabaki ya mwanga mpotevu, ukayatoa, umeondoa ile asilimia 0.01 isiyoumiza. Ile asilimia 2 hutokea pale mabaki na ishara vinapokutana, na kipimo cha gizani hakiwezi kuiona. Hata mbinu ya kuipa ishara mdundo na kusikiliza mdundo huo peke yake haiiondoi, kwa sababu zao la ishara na mabaki lina mdundo uleule. Unaweza kuijifunza kwa kurekebisha kifaa upya, nakubali, ila joto likicheza kidogo tu, njia ya ishara na njia ya mabaki hazibadiliki sawa, na marekebisho ya asubuhi mchana hayafai.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenu wa sayansi ni hili. Mtu akiwaletea kompyuta ya mwanga na kuwatajia kasi yake, muulizeni: leza zote zikiwa zimewaka, kitambuzi kinachopaswa kuwa gizani kinasoma kiasi gani, na namba hiyo inatembea vipi joto linapobadilika? Akiwa ameipima atawajibu papo hapo. Akianza kurudia habari za kasi, chapisheni na hilo pia.

Wenu,
Fundi wa maabara ya leza