Nani kasema mgeni hamiliki reli Marekani?

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji aliandika humu kwamba Marekani mgeni haruhusiwi kumiliki reli, kwa hiyo na sisi tukaze hivyohivyo, akatolea mfano DP World ya Dubai 2006. La DP World ni kweli, walivipata vituo vya bandari kule kwa kuinunua P&O ya Uingereza, Bunge la Marekani likaja juu, wakaishia kuviuza. Ila la reli sio kweli hata kidogo na linaniuma maana kila mjadala wa bandari au SGR ukianza lazima mtu alirudie.

Mimi naishi kusini mwa Chicago mwaka wa tisa sasa, kutoka kwangu mpaka relini ni kutupa jiwe tu. Reli hii inashuka mpaka New Orleans, zamani ilikuwa ya Illinois Central, tangu 1999 iko mikononi mwa CN ya Canada. Jioni ukisimama pale utaona kichwa cha mbele chekundu kimeandikwa CN, kinachofuata cheusi bado kina jina la Illinois Central limeshapauka, nyuma yake matangi na mabehewa ya nafaka mpaka unachoka kuhesabu. Halafu usiku inapita Amtrak, treni ya abiria ya serikali ya Marekani yenyewe, na inapita juu ya reli ya Wakanada.

Wenye ukomo ni ndege, mgeni hazidi asilimia 25 ya kura kwenye shirika, na meli zinazobeba mizigo kati ya bandari zao za ndani, hizo kwa sheria ya 1920 asilimia 75 lazima iwe ya Wamarekani. Reli za mizigo hazina namba kama hiyo. Ndo maana Grupo México, kampuni ya Mexico, ilinunua reli ya Florida East Coast 2017, na Genesee & Wyoming yenye reli ndogondogo zaidi ya mia ikaenda kwa Brookfield ya Canada na GIC ya Singapore 2019.

Sasa mtu asidhani mlango uko wazi tu, hapana. Kuna kamati inaitwa CFIUS, inaongozwa na wizara ya fedha, inapekua nani hasa yuko nyuma ya pesa na kama kuna serikali ya nje imejificha humo, ikiona hatari rais anaweza kulizuia dili. Halafu kuna bodi ya reli, STB. Canadian Pacific, kampuni ya reli ya Canada, ilipotaka kuinunua Kansas City Southern, kampuni ya reli ya Marekani, kwa dola bilioni 31 ilisubirishwa mpaka Machi 2023, ikapewa ruhusa ikiwa na masharti kibao na kuangaliwa kwa miaka 7. Na vita ikija rais anaweza kuamuru mizigo ya jeshi itangulie. 1917 serikali ilizichukua reli zenyewe, ikazirudisha 1920.

Walipokaza kwelikweli ni kwenye mabehewa. Mwishoni mwa 2019 walipitisha sheria kwamba pesa za serikali kuu za usafiri wa mijini zisinunue mabehewa ya kampuni za serikali ya China, hofu ikiwa kamera na kompyuta zilizomo ndani. Mimi hapo nawaelewa kabisa, maana Mkanada aliyenunua reli hawezi kuikunja kama mkeka akaondoka nayo, lakini data inatoka usiku kimyakimya na hakuna anayeiona.

Kwa hiyo Mhariri, badala ya kubishania pasipoti ya mwekezaji naomba gazeti lako liwaulize wahusika: kampuni binafsi ikipewa nafasi kwenye reli yetu, masharti yake mwananchi anayasoma wapi, mitambo ya kuongozea treni anaishika nani, na mwaka wa tatu baada ya kusaini nani anaenda kukagua?

Msomaji wenu,
Illinois