Somo, nyumba ya marehemu mzee inahitaji mtu wa kuisemea

Ujiji, Kigoma

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto huko Tabora. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo nyakati za jioni lakini anakula vizuri, na amenituma nikusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu kama nyumba ya marehemu mzee bado ipo. Nikakujibu ipo, mara mtandao ukakatika. Ipo kweli, ila jibu hilo halitoshi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kiangazi hiki maji ya Ziwa Tanganyika yamerudi nyuma kidogo, lakini alama yake imebaki ukutani, upande wa ziwani, karibu usawa wa dirisha. Tofali za chini ukizigusa kwa kidole zinamung'unyuka. Pale uani tulipokuwa tukianika dagaa pameota matete, na mpera wa mama yenu umekauka ukiwa umesimama. Choo cha nje kimezama chote. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko ukuta, kwa sababu watoto wa jirani wanaoga hatua chache tu kutoka pale, na kipindupindu hakibishi hodi. Mpangaji amehama, ufunguo ninao mimi.

Vijana hapa wanadhani jambo hili halijawahi kutokea. Wazee wanalijua. Ziwa letu linapokea mito mingi, Malagarasi ya kwetu na Rusizi ya kule Burundi ikiwamo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa jua, lakini mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo kule Kalemie, Kongo. Lukuga ikiziba kwa mchanga na majani, ziwa linajaa, ikizibuka, linashuka. Ilizibuka mwaka 1878, na kabla miaka ishirini haijatimia maji yakawa yameshuka takriban mita 10. Ndiyo sababu ukisimama leo pale kwenye mnara wa Livingstone unashangaa mbona ziwa liko mbali, na wakati Stanley alipomkuta mwaka 1871 lilikuwa jirani. Kisha zikaja mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa likapanda tena hadi kilele cha 1964. Hizi mvua zilizoanza 2019 zimefanya vilevile.

Nakueleza habari za zamani kwa sababu ndizo zilizotufanya tugombane kwenye mkutano wa mtaa, na ugomvi ule unaihusu nyumba yenu moja kwa moja.

Unajua kwamba tangu uchaguzi wa Novemba 2024 mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Basi katika mkutano wa wakazi likaibuka suala la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Mimi siipingi sheria hiyo. Nimeshuhudia vyoo vikizama, nimeona udongo ukiporomokea majini mahali watu walipokata miti yote. Lakini somo, mita 60 zihesabiwe kutoka wapi? Ukianzia pale maji yalipokuwa tulipokuwa wasichana, nyumba yenu iko nje ya mstari na nafasi inabaki. Ukianzia pale yalipofika masika yale mabaya, nyumba yenu imo ndani, na ya jirani yenu wa juu imo, na msikiti mdogo umo. Ziwa linapanda na kushuka. Likipanda, na mstari nao unapanda mlimani pamoja nalo.

Watu walipiga kelele sana. Mwenyekiti akawatuliza, akampa nafasi mzee mmoja mvuvi, wa rika la marehemu baba yako. Mzee hakulalamika hata kidogo. Alisimama akaeleza kwamba mwaka 1964, akiwa kijana, walikuwa wakifunga mitumbwi kwenye lile jiwe kubwa jeusi lililo nyuma ya nyumba yenu, lile tulilokuwa tukipandia. Akasema maji yalikaa pale, kisha yakashuka yenyewe taratibu kwa miaka, na watu wakarudi kwenye viwanja vyao. Akaomba wapimaji wakija waoneshwe jiwe lile kabla hawajafungua kamba.

Ukumbi wote ulinyamaza. Mimi nikageuka kumtazama mtendaji, kwa sababu ndiye anayeandika. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona kwenye daftari kaandika mstari mmoja: "Wananchi walitoa maoni kuhusu mipaka ya ziwa." Basi. Jiwe halimo, 1964 haimo, mzee hayumo.

Hapo nilisimama. Nikaomba kwa heshima muhtasari usomwe mbele ya watu kabla ya kufunga mkutano, na hoja ya mzee iandikwe kama alivyoisema. Wengine waliguna, jua lilikuwa linazama na kina mama wana sufuria jikoni. Lakini mwenyekiti alikubali, na mtendaji naye, sina neno naye, akaandika upya bila kinyongo. Sasa muhtasari unasema wakazi wanaomba kipimo cha mita 60 kizingatie historia ya kupanda na kushuka kwa ziwa, na jiwe limetajwa mahali lilipo.

Unaweza kuona kama nimeng'ang'ania jambo dogo. Mimi naona ndilo kubwa kuliko yote tuliyofanya siku ile. Maneno ya mkutano wa mtaa hayapandi juu kwa miguu yake, yanapandishwa na karatasi. Muhtasari unakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wetu wa mitaa wanakaa kama wajumbe. Kutoka pale diwani anabeba hoja hadi kwenye kamati ya mipango miji na mazingira ya manispaa, kisha baraza la madiwani linalokaa kila robo mwaka. Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ina kata 19, kila diwani ana lake mkononi, kuna barabara, kuna soko, kuna zahanati. Diwani akisimama na "wananchi walitoa maoni", atasema nini? Akisimama na jiwe na mwaka, ana la kusema.

Na baraza lenyewe liko wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nimeingia. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hawaingii, wanasema yale ni ya wasomi. Inaniuma, maana mambo yanayozungumzwa mle ndani ni ushuru wetu sisi wauza dagaa, na fedha zetu.

Kuhusu fedha, kuna jambo sikuwa nimelielewa mpaka nilipoketi mle. Ile mikopo isiyo na riba ya vikundi, asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Wanawake wengi huku wanaizungumza kama zawadi inayoshuka kutoka mbali. Lakini mapato ya ndani ndiyo sisi: leseni zetu, ushuru wetu, meza zetu sokoni. Mwalo ukizama, mitumbwi inakwenda kushusha kwingine, ushuru unapungua, na ile asilimia 10 inapungua pamoja nao. Ongeza na ile miezi mitatu ya kupumzisha ziwa, 15 Mei hadi 15 Agosti, iliyoanza 2024. Mimi naiunga mkono, maana kabla yake migebuka ilikuwa midogo hata unaona huruma kuikaanga; lakini kwa mama anayeishi kwa dagaa wa leo ale leo, miezi mitatu ni mirefu. Kwa hiyo ninapodai mwalo ukarabatiwe na mipaka ipimwe kwa haki, nadai pia mtaji wa kikundi chetu.

Sasa nije kwenye linalokuhusu, tafadhali lisome mara mbili.

Kuna mjane mmoja wa mtaa wa jirani aliyefuatwa nyumbani na mtu aliyejitambulisha kuwa ametoka ofisini, akamwambia kwa mdomo tu ahame. Hakuachiwa barua wala jina. Mama wa watu akaanza kufungasha vyombo. Tulimkuta akilia, tukamzuia. Asiondoke mtu kwa neno la mdomo. Nilimwambia, na wewe nakwambia: omba barua yenye tarehe, sahihi na muhuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mtu anapotwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini fidia hailipwi kwa kumbukumbu za majirani, inataka mwenye nyumba ajulikane. Na nyumba yenu, somo, hadi leo iko kwa jina la marehemu.

Najua kwa nini mlichelewa, kaka yako mkubwa na mdogo hawakuwa wanasemezana. Naomba mliweke hilo pembeni. Kaeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari wenu na nyinyi, mteue msimamizi wa mirathi, mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi akishathibitishwa ndipo atakapoweza kusimama mbele ya mpimaji au mthamini na kusema kiwanja hiki ni chetu. Bila hivyo, siku watakapopita na daftari, mbele ya nyumba yenu wataandika "mmiliki hayupo", na mimi nikiwa nimesimama palepale na ufunguo sitakuwa na uwezo wa kubadilisha.

Tafuta pia ile karatasi ya mauziano ya zamani. Nakumbuka mzee alikuwa akiihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo na vya madrasa, maana nyumba yenu ilikuwa na vyote viwili. Kama kopo alilichukua dada yako, mpigie leo. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na mpangaji alikuwa akinunua umeme kwa mita yenu, hivyo namba ya mita iandike kwenye barua. Peke yake haithibitishi umiliki, lakini inasaidia mtendaji kujua ni nyumba ipi inayosemwa.

Barua yenyewe iandike kwa mkono, iende kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti na kwa diwani. Eleza kiwanja kilinunuliwa lini, nani wamebaki, na kwamba mnaunga mkono hoja ya jiwe iliyomo kwenye muhtasari. Usinitumie kwenye simu tu nikaisome mkutanoni. Weka sahihi yako, na kaka zako waweke zao. Nitaipeleka mwenyewe na kugongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Lakini ningefurahi zaidi ukija. Panda treni, nauli ya kurudi tutaitafuta hapa kwenye kikundi. Wapimaji wakija wakukute, uwaoneshe jiwe wewe mwenyewe. Mzee mvuvi amezeeka, magoti hayamsaidii, na wanaolijua jiwe lile kwa jina mmebaki wachache.

Kamati ya kata itakaa mwisho wa mwezi ujao, hivyo barua inifikie kabla. Shemeji msalimie. Mdogo wako wa mwisho mwambie ninamdai bado ile kanga. Dagaa nimekuwekea debe dogo, waliokauka vizuri wasio na mchanga, nitampa kondakta unayemwamini ukinitajia siku.

Wako,
Somo yako wa Ujiji