Damu ikipungua kwa mwenye VVU, fangasi nao watafutwe

Mhariri,

Ninakusoma miaka mingi na sijawahi kuandika. Leo naandika kwa sababu makala yenu kuhusu upungufu wa damu kwa wanaoishi na VVU ilitaja chakula bora na vidonge vya kuongeza damu, ikaishia hapo. Haikuwataja fangasi kabisa.

Mdogo wangu alimeza vidonge hivyo miezi minne. Damu ikazidi kushuka, akaongezewa chupa mbili, ikashuka tena. Chembe nyeupe nazo zilikuwa chini, chembe sahani zinazogandisha damu pia, hata fizi zikawa zinavuja. Akawa na homa za usiku, akakonda, bandama ikavimba. Wakasema ni kifua kikuu, akaanzishiwa dawa ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Najua kifua kikuu hushusha damu, na hata zidovudini, dawa ya VVU, hushusha. Lakini nilipouliza kwa nini aina zote tatu za chembe za damu, nyekundu, nyeupe na sahani, zinaanguka kwa pamoja, niliambiwa nisubiri. Nikasubiri. Siku walipomtoa uboho kwenye mfupa wa nyonga ndipo walipowaona fangasi wa histoplazma, wamejaa mle mle damu inamotengenezwa. Fangasi hao huishi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo na ndege. Mtu huwavuta kwa pumzi, na kinga ikiwa chini husambaa mwili mzima. Vidonge vya madini ya chuma vingefanya nini hapo? Alianzishiwa amfoterisini, dawa ya fangasi ambayo yenyewe hupunguza damu, akafariki siku ya tatu.

Na hili la CD4, yaani hesabu ya chembe nyeupe za kinga, nalo linaniuma. Kliniki nyingi sasa zinapima wingi wa virusi tu. Kipimo hicho kinaonyesha kama dawa inafanya kazi, hakisemi kinga imebaki kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mwenye CD4 chini ya 100 apimwe antijeni (alama kwenye damu) ya kriptokoka, fangasi mwingine, kabla ubongo haujashambuliwa. Atajulikanaje, kama CD4 haipimwi? Ya mdogo wangu ilipimwa siku aliyolazwa.

Naomba fomu ya majibu ya damu iongezwe mstari mmoja chini ya chembe sahani, kwa wino mwekundu: "Zote tatu zikiwa chini: CD4 ni ngapi? Mkojo umepimwa histoplazma?" Mstari huo ukiachwa wazi, fomu irudishwe. Nanyi rudieni makala ile, ukurasa uleule, mkiwataja fangasi kwa majina.

Dada wa marehemu