Maduara yale ni vumbi, Mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha mliyoichapa Jumapili iliyopita, ya ukuta wa kale wenye maduara meupe yanayoelea juu yake, pamoja na maelezo kwamba wataalamu wameshindwa kuyatambua. Mtaalamu gani aliulizwa? Mimi kazi yangu ni kupiga picha kwenye machimbo ya mambo ya kale, huu ni mwaka wa 19, na maduara hayo nimekutana nayo mara nyingi mno.

Ni vumbi. Flashi ya simu au ya kamera ndogo imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi. Punje ya vumbi ikipita mbele, karibu kiasi kwamba lenzi haiwezi kuishika vizuri, humulikwa na kuurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera. Badala ya nukta hutokea duara linalong'aa, kubwa kuliko jiwe lililo nyuma yake. Tone la mvua hufanya vivyo hivyo, hata mvuke wa pumzi ya mpiga picha usiku wa baridi. Litazameni kwa karibu lile duara kubwa la upande wa kushoto: lina pete nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama shina la mti lililokatwa kwa msumeno.

Nina sababu ya kuumia. Miaka michache iliyopita nilipiga picha ukuta mmoja usiku, vijana wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza kuufagia kwa brashi. Fremu ya kwanza ilitoka na maduara kumi na moja. Nikazima flashi, nikaweka kamera kwenye stendi, nikaacha lenzi wazi sekunde nane huku mwenzangu akimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Ukuta ukatoka mtupu, kila jiwe na kivuli chake. Lakini ile ya kwanza nilimtumia rafiki kwa sababu ilipendeza, bila neno hata moja la maelezo, ikazunguka simu hadi simu. Wiki ya tatu tulikuta shimo la kimo cha kiuno pale pale duara kubwa lilipoonekana. Waliochimba waliamini mwanga wa mizimu unaonyesha dhahabu ilipo. Hawakuambulia kitu. Walichofanya ni kuchanganya tabaka la majivu na la chokaa lililokuwa chini yake, na tabaka zikishachanganywa hakuna anayeweza kusema tena kipi kilitangulia kipi. Ile fremu ya pili, iliyoeleza kila kitu, hakuna aliyeiulizia.

Macho yetu nayo hupenda sura. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha kilima kimoja kwenye sayari ya Mirihi, jua likiwa chini, na vivuli vikachora uso wa mtu. Moja ya tundu za pua ilikuwa doa la data zilizopotea tu. Mwaka 2001 chombo kingine kilikipiga kilima kile kile kwa ukali zaidi, na uso haukuwepo.

Hata hivyo sisemi kila umbo lisiloeleweka litupwe, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi. Mwaka 1925 rubani Gilbert Insall aliona kutoka angani mviringo wenye madoa, si mbali na Stonehenge, lile duara la kale la mawe makubwa huko Uingereza. Ngano ilipokua shambani, madoa yakajitokeza kwa mistari. Walipochimba walikuta mashimo ya nguzo za miti yaliyopangwa duara ndani ya duara, mara sita. Leo mahali hapo panaitwa Woodhenge. Julai 2018, wakati wa ukame, droni ilionyesha alama ya namna hiyo karibu na Newgrange, kaburi la kale la mawe huko Ayalandi. Handaki lililofukiwa zamani hubaki na unyevu, hivyo mmea ulio juu yake hunawiri wakati jirani zake wanakauka. Juu ya msingi wa mawe mmea hunyauka mapema. Maumbo hayo yaliaminika kwa sababu yalirudi palepale kwa kamera nyingine na siku nyingine. Duara la vumbi halirudi hata kwenye fremu inayofuata.

Kwa hiyo mwombeni aliyewaletea picha ile faili halisi, kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na fremu alizopiga kabla na baada. Muulizeni kama flashi iliwaka, na kama kulikuwa na vumbi au manyunyu. Kisha zichapeni zote pamoja, ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule. Na msingoje Jumapili nyingine, kwa sababu maelezo yenu yalitaja hadi njia ya kufika kwenye ukuta huo.

Mpiga picha wa machimbo ya kale