Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa Uvuvi 2024

Ndugu wanachama, mama zangu na kaka zangu, salaam sana.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulitoka mara 7, kati ya Aprili na Desemba. Juni na Julai tulikaa nyumbani kama sheria ya Rhode Island inavyotaka, maana tautogi, samaki wa miambani tunayemvua, wanataga. Vijana walifundishwa kufunga ndoana. Leseni zilikaguliwa kabla ya kila safari, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Mapato yalikuwa dola 1,140, matumizi dola 1,065, baki dola 75. Kaa wa chambo na chubwi (vizito vya kuzamishia ndoana) zilizonasa miambani vimekula dola 310. Mwenye swali amwone Mhazini.

Sasa niingie kwenye jambo la shindano la Oktoba pale rasi ya Beavertail, ambalo limesemwa sana, na mengi yamesemwa nikiwa sipo.

Ni kweli niliamua kwamba kila tautogi anayezidi inchi 21 apimwe, apigwe picha, arudishwe majini. Ni kweli pia kwamba sheria ya jimbo inamruhusu mvuvi kubaki na mmoja wa ukubwa huo kwa siku, ndani ya wale 5 wanaoruhusiwa kwa siku msimu ule, na hakuna anayeruhusiwa kuchukua aliye chini ya inchi 16. Sikukataa sheria. Nilisema chama chetu kinaweza kufanya zaidi ya kile sheria inacholazimisha.

Sababu niliziandika kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla; waliofungua ujumbe ni 9. Nazirudia. Samaki huyu ni wa ukoo mmoja na pono wetu wa pwani, na kama pono, usiku hujilaza kwenye ufa wa mwamba, hana habari. Asubuhi hutoka kula kome na kaa, jioni hurudi kwenye shimo lilelile. Hukua polepole mno, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa wakijumlishwa. Tukimaliza wakubwa wa mwamba mmoja, mwamba ule utakaa mtupu miaka mingi, na watakaorudi pale kuvua ni watoto wetu. Tusisahau kwamba sehemu kubwa kabisa ya tautogi wanaovuliwa pwani hii huchukuliwa na sisi wa kujifurahisha. Wavuvi wa biashara sehemu yao ni ndogo.

Aliyeumizwa zaidi na uamuzi huo ni mwanachama wetu wa siku nyingi aliyevua samaki wa inchi 23. Nilimshika samaki yule kwa mikono yangu. Midomo minene, meno ya mbele yametokeza, vipande vya kaa wa kijani bado vimo kooni. Nilimshusha kwenye maji yaliyokuwa yakijaa, kichwa kikielekea mkondo, nikamshikilia mpaka mkia ukaanza kupiga, akazama. Pale maji si ya kina kirefu, kwa hiyo hakuwa amevimba hewa kama samaki anayetolewa kilindini. Baadhi yenu mmesema alikuwa dume, kidevu cheupe, na mvuvi angeweza kubaki naye. Huenda. Lakini juu ya mwamba wenye utelezi, wimbi likipiga magotini, si mahali pa kubishana dume na jike. Kipimo ni kimoja kwa wote. Kikombe alipewa yeye, kwa urefu, wala hakudhulumiwa.

Mmeuliza pia kwa nini sikupitisha jambo hili kwenye kamati. Niliita kamati mara mbili mwezi wa Septemba. Kikao cha kwanza walikuja watu 3, cha pili 2, mmoja wao akiwa mimi. Mkutano mkuu nao ulihudhuriwa na wanachama 11 kati ya 38, na akidi ni 20. Ningesubiri nani? Walionilaumu kwa sauti kubwa sikuwaona hata kwenye kikao kimoja, ila siku ya kugawa samaki niliwaona.

Ada inaniuma zaidi. Ni dola 40 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, yaani dola 760. Dola 380 zilizobaki ni michango ya watu wachache walewale, na majina yao Mhazini anayo. Kwa miaka minne nimebeba vifaa vya chama kwa gari langu na petroli yangu. Sidai kurudishiwa, nataka tu ijulikane.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akipenda, kukodi boti pale bandari ya Point Judith ili wazee wasipande miamba tena, na ndugu zetu kutoka Bukavu wameahidi kuleta vijana zaidi. Kanuni ya inchi 21 nitaileta mkutanoni ipigiwe kura, akidi ikitimia. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Aprili. Ada ipokelewe kabla ya hapo.

Mwenyekiti