Jumamosi Mwanjelwa, makocha wote

Wapendwa za leo? Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana palepale Mwanjelwa, mje na masweta maana baridi hii ya Mbeya jamani. Tunafanyia mazoezi kitu kimoja tu, kunyamaza mteja anapotueleza shida zake. Mteja akisema "biashara ya viazi imenishinda" sisi huyoo tumesharukia ushauri, mara akakope kikoba mara ahamie parachichi, kumbe hata hajamaliza kuongea. Mwache apumue, halafu mrudishie neno lake lenyewe, "imekushinda?", usiongeze kitu, utaona anavyofunguka. Na "kwa nini" punguzeni bwana, mtu anajiona yuko polisi anaanza kujitetea, bora "ilikuwaje" au "ungependa iweje". Wa Tukuyu na Iringa nijulisheni mapema, chai na maandazi vipo.